Mshauri wa Ngolo

Careen nilimwonea wivu tangu siku alipoingia dukani kwangu, Mbinga mjini, kuuliza kama pana intaneti. Mimi natoa fotokopi na kuwachapia watu barua, lakini hiyo ni kazi ya kusukuma siku. Kazi yangu ya moyoni ni kutengeneza gemu. Nilijifunza mwenyewe kwa video za simu, bando likiisha nasubiri. Kwa miaka mitatu sikumjua mtu mwingine hapa mjini anayeandika programu za gemu, na nilishazoea kuwa peke yangu. Halafu akaja yeye, na shahada yake kutoka Dodoma.

Baba yake ni mtumishi wa halmashauri, mtu wa Shinyanga, aliyehamishiwa Mbamba Bay kisha Mbinga. Careen amekulia nyumba za serikali. Jembe analijua kwa macho tu. Lakini kompyuta, jamani! Jambo nililohangaika nalo wiki nzima alilimaliza huku akitafuna mahindi ya kuchoma, kisha akaniambia, "Si ngumu, kaka Pankras, angalia." Nilikuwa naangalia, na roho inaniuma.

Kampuni moja ndogo ya gemu huko Dar es Salaam ikatangaza nafasi moja. Hawakutaka cheti. Walitaka uwaonyeshe gemu uliyoitengeneza mwenyewe. Ningeipata nafasi ile, ningefunga mashine ya fotokopi na kuitwa mtengeneza gemu bila mtu kucheka. Nikaimalizia gemu yangu ya mashindano ya magari katikati ya maghorofa marefu, mimi ambaye sijawahi kupanda zaidi ya ghorofa mbili. Careen akatengeneza gemu ya ngolo.

Ndiyo, ngolo zetu. Yale mashimo ya kulimia ya Wamatengo yaliyojaa milimani, yanayozuia mvua isiondoke na udongo. Mimi ni mzaliwa wa kata ya Ruanda, nimekulia juu ya ngolo, na haikunijia akilini hata siku moja kwamba mtu anaweza kuzigeuza mchezo. Akatokea binti wa Shinyanga, akaziona. Nilijisikia kama ameingia nyumbani kwetu, akapita jikoni, akabeba chungu cha mama yangu na kuondoka nacho.

Akaniletea kwenye simu yake nimjaribie. "Wewe ndiye mwenye ngolo, kaka," alisema. "Niambie nilipokosea."

Ilikuwa nzuri. Naliandika neno hilo kwa shida. Palikuwa na mlima, ukungu, mvua ikiteremka, maharage yakichipua. Lakini mwanzoni kabisa mchezaji alitakiwa kufyeka nyasi, kuzikusanya na kuzichoma moto, na gemu ikampa alama za usafi wa shamba.

Kuchoma nyasi! Kwetu nyasi ndiyo ngolo yenyewe. Mwezi wa tatu wanaume hufyeka, wakazilaza kwa mistari inayokatizana mpaka mlima wote unakuwa miraba miraba. Kisha wanawake huchimba katikati ya kila mraba, udongo wakaufukia juu ya nyasi, na hapo juu hupandwa maharage. Nyasi zikioza ndizo zinazoyalisha. Ukizichoma, umebaki na mashimo matupu. Hilo analijua kila mtoto wa Ruanda.

Nikamrudishia simu. "Iko sawa," nikasema.

"Kweli, kaka? Hata zile nyasi?"

"Hata nyasi."

Akanishukuru kwa mikono miwili. Wiki ile nzima nilifanya kazi nikiimba, na sikuona aibu hata kidogo.

Usaili ulikuwa kwa video. Nilivaa shati langu la kanisani. Meneja, mama wa makamo mwenye miwani, aliyasifu magari yangu kwa sentensi moja, kisha akauliza, "Pankras, wewe ndiye mshauri wa ngolo wa Careen?"

"Mshauri?"

Akanionyesha ukurasa wa kwanza wa gemu. Careen alikuwa ameuongeza baada ya mimi kuijaribu. Liliandikwa jina lake, na chini yake, kwa herufi kubwa zilezile: Mshauri wa ngolo, Pankras wa Ruanda.

"Tumewapa wakulima wa huko kwenu waijaribu," meneja akaendelea. "Wamecheka. Wanasema nyasi hazichomwi. Careen anasema yeye hajawahi kulima, alikutegemea wewe. Tena alikuwa ametuomba tuwachukue wote wawili, na mimi nilikuwa nimekubali. Sasa niambie, hukujua?"

Nilikuwa na majibu mawili tu. Nikisema nilijua, mimi ni mwenye kijicho niliyemtega mwenzangu. Nikisema sikujua, mimi ni Mmatengo asiyejua ngolo.

"Sikujua," nikasema.

Careen alirekebisha gemu kwa siku mbili na kazi akaipata, peke yake. Alipokuja kuniaga aliniomba radhi, eti alinibebesha jambo nisilolijua. Hata wakati ule nilimwonea wivu, safari hii kwa ule moyo wake.

Lakini gemu ya kwanza ilikuwa imeshasambaa kwenye simu za watu, na jina langu ndani yake. Jumapili, baada ya misa kule Ruanda, wanaume walinizunguka wakicheka mpaka machozi. Mmoja wao, Mansuetus, jirani yetu, akampa simu baba yangu. "Mzee Wendelin, hebu ona. Huyu kijana wako hukumfundisha?"

Baba aliusoma polepole ule ukurasa wenye jina langu, kisha akaninyanyulia macho. Tangu nina miaka saba mpaka namaliza kidato cha nne, kila mwezi wa tatu, mimi na yeye tumelaza nyasi bega kwa bega. Mistari yangu ilinyooka kuliko yake, na alikuwa na tabia ya kuwaita majirani waje waitazame. Niliona anajua kwamba nilijua. Nikaona pia anaelewa kwa nini nilimficha Careen.

"Sikumfundisha," akawaambia. "Kosa ni langu."

Akamrudishia Mansuetus simu yake, akavaa kofia, akatangulia nyumbani bila kunisubiri.