Msomaji wa Maalim Mwidani

Thadeus Mwadime alifanya kazi ya ukarani wa vifurushi katika stesheni ya Voi kwa miaka ishirini na mitatu, na kazi hiyo aliifanya akiwa amesimama. Jioni alipovua viatu, miguu ilikuwa imevimba hata alama za soksi zilibaki hadi asubuhi. Alikuwa mtu wa Werugha, kule juu kwenye ukungu, mzaliwa wa kwanza wa nyumba ya watoto saba. Ujanani alipelekwa seminari asomee upadri. Akasoma miaka minne, akajua Kilatini cha kutosha kuota ndoto kwacho. Kisha baba yake akafa, akaitwa nyumbani alime na kulea wadogo zake. Hakuna aliyemuuliza kama amekubali. Mwaka wa 1960 akapata kazi ya reli, akamwacha mkewe Gertrude na shamba la matuta na ng'ombe wawili, akawa anapanda nyumbani mwisho wa mwezi, na akifika analala.

Mwaka wa 1966 lilishuka sanduku kutoka Mombasa ambalo lilifungwa vibaya huko lilikotoka. Kamba ilikatika mikononi mwa wapagazi na vitabu vikamwagika sakafuni. Vilikuwa vikubwa, vya ngozi, kama kumi na viwili hivi. Thadeus aliinama akaokota kimoja, akakifungua.

"Umekishika juu chini, bwana," sauti ilisema mlangoni.

Alikuwa mwenye vitabu mwenyewe, Maalim Mwidani, aliyekuja mwaka ule kufundisha madrasa ya mjini. Mtu mwembamba wa miaka hamsini na kitu, kanzu imefuliwa mpaka imekonda, na namna ya kusema taratibu kama mtu anayepima maji moto kwa kidole.

Thadeus akakigeuza kitabu, akaona haya. "Vyote hivi ni vya sala, Maalim?"

"Vya sala ni viwili. Vingine ni vya tarehe. Habari za watu wa dini, na magomvi yao."

"Kumbe nanyi mligombana?"

"Kwani nyinyi mligombana?"

Ilikuwa miaka ishirini tangu mtu amuulize Thadeus jambo alilosomea. Akajikuta anasimulia, huku mkono umeegemea mzani, jinsi maaskofu walivyokutana Efeso wakabishana kama Mariamu aitwe Mama wa Mungu au Mama wa Kristo, na jinsi walioshindwa walivyofukuzwa. Maalim akaketi juu ya gunia la maharagwe lisilokuwa lake.

"Hao waliofukuzwa walikwenda wapi?"

"Mashariki, upande wa Uajemi. Padri aliyetufundisha aliishia hapo."

"Basi mimi najua walikofika," Maalim alisema, na uso wake ukachangamka. "Wajukuu wao walikuwa Baghdad. Walikuwa matabibu wa makhalifa, wakifasiri vitabu vya Wayunani kwa Kiarabu. Huo mwanzo wao ndio sikuwahi kuupata sawasawa. Njoo Alhamisi, baada ya alasiri."

Akaenda. Akaenda na Alhamisi iliyofuata, na zilizofuata kwa miaka. Walikaa kwenye baraza ya saruji nyuma ya nyumba ya Maalim, chai ya tangawizi ikiletwa na binti yake, Mishi, ambaye mwanzoni alimtazama mgeni kwa mashaka na baadaye akamzoea kama kiti. Thadeus alifika amechoka, na mara nyingine alisinzia katikati ya maneno. Maalim alingoja. Thadeus alipozinduka, mwenzake aliendelea pale pale, kama aliyeweka kidole kwenye mstari.

Jambo moja lilikula miaka miwili: Najashi, yule mfalme wa Uhabeshi aliyewapokea Waislamu wa kwanza walipokimbia mateso ya Makka. Maalim alishikilia kwamba Najashi alisilimu, kwani Mtume aliposikia amekufa alimswalia akiwa mbali. Thadeus hakuwa na kitabu cha kubishana nacho, ila alikuwa na swali.

"Kama alisilimu, maaskofu wake mbona hawakumwondoa kwenye kiti?"

"Pengine hakuwaambia."

"Mfalme mzima, Maalim? Awafiche watu wa nyumba yake jambo la moyo wake hadi kufa?"

"Wapo wanaofanya hivyo."

"Atachoka."

"Hakuna aliyesema hakuchoka," Maalim alijibu. Wakaliacha hapo, hakuna aliyemshinda mwenzake.

Mwaka wa 1975 Maalim alianza kumwaga chai pembeni ya kikombe. Mishi akampeleka hospitali Mombasa, wakaambiwa ni presha ya macho, na kwamba wamechelewa. Kufikia mwaka uliofuata alikuwa akiona mwanga wa mlango na kivuli cha aliyesimama mlangoni, basi. Madrasa wakampa kijana aliyetoka kusoma ng'ambo. Maalim akabaki na vitabu vyake ukutani, akivipapasa mgongo kimoja kimoja.

Alhamisi moja alimwambia Thadeus, "Bwana Thadeus, nataka nikufundishe herufi."

"Mimi? Nina miaka arubaini na minane. Nikitoka kule stesheni hata jina langu nalisoma kwa taabu."

"Sitaki ujue lugha. Nataka macho tu. Maana nitaitafuta mwenyewe."

Ikachukua mwaka mzima. Maalim aliandika herufi kubwa kwa chaki juu ya saruji ya baraza, asizione, mkono wake ukizijua. Thadeus akazikariri kama alivyokariri Kilatini zamani, akizitaja kimoyomoyo huku akipima magunia. Walipoanza kitabu cha tarehe chenyewe, ndipo alipoona ugumu ulipo. Kitabu kile hakikuandikwa irabu. Aliona mim, lam, kaf, akasema hivyo hivyo, "Mim, lam, kaf."

"Ngoja," Maalim alisema. "Hiyo yaweza kuwa mfalme. Yaweza kuwa ufalme. Yaweza kuwa malaika. Nini kinafuata?"

Thadeus akataja herufi zilizofuata.

"Mfalme," Maalim akasema, na akatoa pumzi kama mtu aliyetua mzigo. "Endelea."

Hivyo ndivyo walivyosoma: mmoja akitoa herufi asizozielewa, mwingine akizivisha sauti. Ukurasa mmoja Alhamisi moja, mara nyingine nusu. Maalim alipoipata sentensi nzima aliifasiri kwa Kiswahili, kisha wakabishana juu yake. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko stesheni. Thadeus alirudi chumbani kwake macho yakiwasha, na Alhamisi iliyofuata akaenda tena.

Mambo hayo hayakukosa kusemwa. Kanisani kwake Thadeus alikuwa msomaji wa masomo ya Jumapili. Mwaka wa 1979 wazee wa kanisa wakamwita, wakamuuliza kama ni kweli anasoma vitabu vya Kiislamu. Akasema ni kweli. Wakamuuliza anaelewa nini humo. Akasema karibu hakuna. Jibu hilo likawatia wasiwasi zaidi, wakamwomba apumzike kusoma mpaka watakapomwambia. Hawakumwambia tena. Jumapili zilizofuata alikaa benchi la nyuma, na moyoni aliona aibu kidogo kwamba alifurahia kukaa.

Upande wa pili, kamati ya msikiti nayo ilimwita Maalim. Thadeus alimsindikiza akimshika mkono, akabaki nje ya dirisha, akasikia yote.

"Maalim, tunakuheshimu," katibu alisema. "Lakini watu wanauliza. Mkristo, kila wiki, mikononi mwake vitabu vya wanachuoni. Hii imekaaje?"

Maalim alijibu kwa sauti ya chini. "Mimi sina nguvu ya kubishana nanyi. Nipeni mtu mwingine anisomee, Bwana Thadeus akapumzike."

Mmoja akataja duka lake. Mwingine akasema Kiarabu chake ni cha sala tu. Mwishowe yule mwalimu kijana wa madrasa akasema yeye atakwenda, na kwa sauti yake ilijulikana kwamba ana nia njema.

Thadeus aliachwa huru, Alhamisi zikawa zake. Ya kwanza alilala tangu saa kumi hadi giza. Ya pili alifua nguo zilizokwisha kufuliwa. Ya tatu Mishi akatokea dirishani pa ofisi ya vifurushi, kajifunga leso, uso umemkunjamana.

"Baba anakuita."

Alimkuta Maalim barazani peke yake, kitabu kimefungwa mapajani.

"Kijana ana kisomo," Maalim alisema kabla hata hajaketi. "Anasoma kama maji yanayoteremka. Nilitaka kulia, Bwana Thadeus, kwa raha. Kisha tukafika kule Basra, masahaba wanapokabiliana wenyewe kwa wenyewe, mama wa waumini, mjane wa Mtume, yumo ndani ya machela juu ya ngamia wake, na watu wanauana mbele yake. Mara nikasikia tuko mji wa Kufa. Nikamwambia, mwanangu, umeruka. Akasema, 'Hayo hayana faida, Maalim, yanatia watu shaka.' Kurasa tisa! Nilikisoma kitabu hiki nikiwa na miaka ishirini, nikakisoma na arubaini. Mimi ndiye wa kufichwa?"

"Alitaka kukupunguzia uzito."

"Najua. Ndiyo maana sikumkaripia." Akainyoosha mikono, akakitoa kitabu. "Wewe huwezi kuruka. Hujui pa kuruka."

Thadeus akakipokea. Akatafuta mahali, akaanza na herufi ya kwanza ya ukurasa ule wa Basra. Zilikuwa kurasa tisa kweli, na ziliwachukua miezi mitatu. Kamati haikuita tena. Labda walichoka nao.

Lakini mtu hawezi kutaja herufi miaka saba zisimwingie. Mwaka wa 1983, mwezi wa mwisho kabla hajastaafu, Thadeus alikuwa akisoma habari za mwanachuoni mmoja mzee, na pole pole akagundua kwamba hangoji tafsiri. Aliona *mata*, amekufa. Aliona *ibnuhu*, mwanawe. Mzee yule anazika mwanawe. Naye Maalim alikuwa amemzika mwanawe wa kiume mwezi uliotangulia, kule Mombasa, na hakuwa amelitaja jambo hilo hata mara moja. Thadeus akaacha kusoma. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye aya ya chini.

"Umefika wapi?" Maalim aliuliza.

"Macho yameuma kidogo."

"Umeelewa," Maalim alisema.

Thadeus akarudisha macho kwenye ukurasa.

"Soma, ndugu yangu."

Akasoma. Hakumtajia herufi safari hii, alisoma maneno, kwa makosa mengi, na Maalim hakumsahihisha hata moja. Aya ilipokwisha, mzee aliomba wapumzike. Wakakaa mpaka adhana ya magharibi, na Mishi akachukua vikombe vilivyojaa chai iliyopoa.

Baada ya hapo mambo yakaisha upesi. Mishi aliolewa Mombasa, akamchukua baba yake wakaishi naye, na vitabu vikaenda katika sanduku ambalo Thadeus alilifunga mwenyewe, kamba mara tatu. Kitabu cha tarehe walikuwa wamebakiza juzuu nzima. Kuagana kwao kulikuwa kwa watu waliochoka: walishikana mikono, Maalim akasema, "Bwana Thadeus, umenivumilia," naye akasema, "Wewe ndiye ulinivumilia, Maalim," na basi. Miaka miwili baadaye ikaja barua ya Mishi ya mistari sita. Maalim alikuwa amezikwa wiki tatu zilizopita, siku ile ile aliyofariki, kama desturi yao ilivyo. Thadeus aliisoma mara mbili, akaenda kukata majani ya ng'ombe, kwa kuwa walikuwa hawajala.

Huko Werugha ilimwia vigumu kuzoea kukaa. Yeye na Gertrude walikuwa wameoana miaka thelathini na tatu, lakini ukihesabu siku walizolala chini ya paa moja tangu aingie reli hazikufika miaka mitano. Walipishana jikoni kwa adabu kama wageni. Asubuhi moja ya ukungu walikuwa wakimenya minji karibu na moto, naye Gertrude akasema bila kuinua macho:

"Baba Donald, miaka yote hiyo ulikuwa ukirudi hapa umekufa kwa uchovu. Nikawaambia watu ni kazi ya reli. Kumbe ni yule mzee wa Voi. Mlikuwa mnasema nini?"

Hakujua aanzie wapi. Akaanza popote. Akamsimulia juu ya khalifa aliyewalazimisha wanachuoni wote wakiri kwamba neno la Mungu, yaani Kurani, limeumbwa, na mmoja akakataa. Akafungwa miaka zaidi ya miwili. Khalifa aliyefuata akamtoa, akapigwa mijeledi mpaka akazimia, na bado hakutamka walilotaka. Thadeus alisimulia vizuri kuliko alivyotarajia. Alieleza hoja za hawa na za wale, akaeleza pia jinsi jambo hilo lilivyofanana na mabishano ya maaskofu juu ya Neno. Minji ikajaa bakuli.

Gertrude alifikiri. "Huyo aliyepigwa," aliuliza, "alipofika nyumbani, nani alimwosha mgongo?"

"Kulikuwa na mganga. Alikuja kukata nyama iliyokufa."

"Mganga huja akaenda. Nauliza usiku, jasho likimwingia kwenye vidonda. Kesho yake. Mwezi mzima. Nani?"

"Kitabu hakikusema."

"Na nyinyi wawili hamkuuliza?"

"Hatukuuliza."

Gertrude alitikisa kichwa, si kwa hasira, akavuta kapu jingine la minji katikati yao. "Haya," alisema, "endelea. Ilikuwaje baada ya hapo?"

Thadeus akainyoosha miguu yake karibu na moto, akaendelea.