Magoti ya Bwana Kopo

Harufu ya betri zilizovuja ni kali, ya chumvi na kutu, na ukiinusa mara moja huisahau. Ilinipokea mwaka huu tulipokuwa tunasafisha chumba cha mama baada ya matanga yake. Chini ya kitanda, ndani ya kikapu cha kuchumia kahawa, alikuwamo Bwana Kopo. Nikakaa sakafuni. Miaka yote hiyo nilidhani alitupwa.

Ngoja niwaeleze alivyozaliwa. Tulikuwa darasa la sita hapa kijijini Rugu, miaka ya themanini, shule za jirani zilipotangaziwa mashindano. Wanafunzi waunde roboti, yaani mashine yenye umbo la mtu, itembee juu ya meza bila kuguswa. Sisi roboti tuliijua kwa picha moja tu aliyotuonyesha mwalimu wa sayansi. Dada yangu Koku, aliyenizidi umri kidogo ingawa tulisoma darasa moja, ndiye aliyeichora na kuiunda. Kiwiliwili kilikuwa kopo la maziwa ya unga, miguu matete, magoti bawaba za kisanduku kibovu. Chini ya nyayo kulikuwa na vizibo vya soda, vikizungushwa na mota ya redio kaseti ya baba iliyokufa zamani. Betri kuukuu tulizianika juani, kando ya kahawa, zipate nguvu.

Magoti ndiyo yaliyotuchekesha. Yalilegea. Tena kulikuwa na kamba nyembamba iliyotoka kwenye mota ikapita tumboni hadi magotini, na hatukujua ni ya nini.

“Huyu bwana ana miguu ya mlevi,” alisema Laurian, mwenzetu.

“Nani kakwambia ni bwana?” Koku alijibu bila kuinua macho. “We subiri.”

Hatukupata kusubiri naye. Homa ilimshika akitoka kanisani, na kabla wiki haijaisha tulimzika migombani, nyuma ya nyumba. Mama hakulia. Alimenya ndizi, akapika, akapakua, macho makavu, hasemi na mtu. Wanawake waliolala msibani walimtazama kwa hofu.

Baba akasema roboti iende mashindanoni, kazi ya mtoto isipotee bure. Mimi nilitaka jambo moja tu: isimame mpaka mwisho, watu wasije wakaicheka na kumcheka marehemu. Basi mimi na Laurian tukayafunga yale magoti kwa nyuzi za mgomba, tukakaza mpaka yakanyooka kama ya askari.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Mama alikuja, jambo ambalo sikulitegemea, akaketi benchi la mbele. Bwana Kopo akaanza kutembea, krr, krr, krr, akielekea upande wa wazazi. Alipokaribia ukingo wa meza, ile kamba ilikuwa imejiviringisha kwenye mota mpaka ikakazika. Nyuzi za mgomba zikakatika, pa! Magoti yakakunjika. Akashuka polepole pale pale mezani, akatulia mbele ya mama.

“Kamelewa rubisi!” alipiga kelele mvulana wa shule nyingine. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Masikio yangu yaliwaka moto.

Mama akasimama.

“Nyamazeni,” alisema. “Mtoto anaamkia.”

Kisha akaliinamia lile kopo. “Marahaba, Koku. Marahaba, mwanangu.”

Kicheko kilikatika. Mama akalia kilio ambacho hakukilia siku ya maziko, na hakuna aliyethubutu kusogea. Niliamini Koku amerudi, yumo ndani ya kopo. Nilijificha nyuma ya Laurian, kumbe naye alikuwa anajificha nyuma yangu.

Zawadi hatukupata. Waamuzi walisema imeanguka.

Nilikuja kuelewa nikiwa na binti zangu, nikiwafundisha kama tulivyofundishwa sisi: msichana haamkii mtu mzima akiwa wima, hupiga magoti. Koku hakuwa ameunda bwana. Aliunda msichana mwenye adabu, atembee, afike mbele ya wakubwa, awaamkie. Mama alimwona mara moja. Sisi tulikuwa tumekazana kumfunga asiweze kupiga magoti.

Pale sakafuni nilimtoa kikapuni. Kipande cha uzi wa mgomba kilikuwa bado kimefungwa kwenye goti moja, kikavu, kimekuwa cheusi. Nilikifungua, nikalikunja lile goti taratibu. Lilikubali.