Barua Ndani ya Sufuria ya Pilau

Mimi ndiye niliyepanda kiti kuiteremsha sufuria kubwa kutoka juu ya kabati. Jirani yetu alikuwa akioza binti yake, akaja kuiazima. Nilipoiinamisha zikamwagika barua nne, hakuna hata moja iliyofunguliwa, zote kutoka kampuni iliyotukopesha pesa za kujengea nyumba.

"Ala! Shoga," jirani akamwambia mamangu, "kumbe siku hizi mnapika barua?"

Mama hakucheka. Alinipa ile ya juu niisome, maana nilikuwa kidato cha pili na Kiingereza cha ofisi kilikuwa kazi yangu pale nyumbani. Niliifungua, nikaisoma kwa sauti. Nyumba yetu ya Malindi, vyumba vitatu na baraza, ilikuwa rehani ya mkopo ule. Miezi minne hatukuwa tumelipa. Tusipofika ofisini kabla ya mwezi kwisha, itapigwa mnada.

Babangu alikuwa mpishi wa hoteli ya watalii. Paa la makuti la hoteli hiyo lilishika moto mchana mmoja. Hakuumia mtu, lakini hoteli ilifungwa hadi paa lirudi, na mshahara wa baba ukafungwa nayo. Barua zilipoanza kuja, alizificha mahali alipojua hapatafunuliwa: nyumba isiyo na mshahara haipiki pilau.

"Barua isiyofunguliwa haijafika," alisema, amesimama mlangoni, macho yakiwa sakafuni.

"Hii imefika, baba watoto," mama akamjibu. "Imefika na viatu vyake mpaka jikoni."

Kesho yake tukaenda ofisini sote watatu. Karani alikuwa kijana wa bara, mpole, mwenye tai fupi. Alimwamkia baba shikamoo kabla ya kufungua faili, na shikamoo ile ilimwinua baba kichwa kidogo. Alisema kampuni inaweza kupunguza malipo kwa muda na kusogeza deni mbele, ila lazima ione kwa maandishi kwamba mshahara utarudi, na utarudi lini.

Kutoka pale mama hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja hotelini, mimi na baba tukimkimbilia nyuma. Meneja alikuwa amesimama chini ya boriti nyeusi, akitazama mbingu mahali palipokuwa na paa.

"Mama, nitaandikaje tarehe?" alisema. "Makuti hayapatikani. Wauzaji wananiambia nisubiri mpaka mwisho wa mwaka."

"Ukiyapata kabla ya mwezi huu kwisha, utafungua lini?"

"Agosti."

"Basi shika kalamu. Andika kwamba ukipata makuti, Agosti mume wangu yuko jikoni."

Meneja alimtazama, akamtazama baba, akacheka. "Niletee kwanza, nitaandika."

Mamangu ni Mgiriama wa Kakuyuni, na Kakuyuni minazi ilikuwa mingi kuliko watu. Huko kazi ikimzidi mtu huita mweria: majirani wanakuja kumsaidia, naye anawapikia, washibe. Hakuna anayelipwa, ila chakula kikiwa kibaya utasikia habari zake mpaka ufe. Tulikwenda huko siku ileile. Nyanya, mamake mama, alikubali kuwaita watu, kisha akauliza swali moja tu.

"Na mpishi ni nani?"

Uwanja mzima ukamgeukia babangu. Tangu moto ule hakuwa ameshika mwiko. Alijikohoza. "Nileteeni sufuria yangu," akasema.

Nilirudi mjini mbio. Jirani alikuwa ameshamaliza harusi ya binti yake. Alinikabidhi sufuria pamoja na kilo mbili za mchele uliobaki. "Mwambie babako safari hii apike chakula," alisema.

Ah, siku zile! Wanaume walikata makuti, sisi tukayakunja juu ya fito na kuyashona kwa miyaa, zile nyuzi za majani ya mkoma, safu kwa safu, vidole vikiwaka, nyimbo zikirushwa kutoka kundi hili kwenda lile kama mpira. Kuti langu la kwanza nililikunja kinyume. Shangazi mmoja alilinyanyua juu watu walione. "Hili ni paa la nyumba ya kuku wa msomi!" Nilicheka mpaka nikashindwa kuingiza sindano. Na upande wa pili wa uwanja, ndani ya moshi, baba alikuwa akikaanga vitunguu bila shati, akiwafokea wanawake waliotaka kuonja kabla ya wakati, na harufu ya bizari ilipopanda nikajua babangu amerudi hata kabla mshahara haujarudi. Jioni mzee mmoja alilamba vidole, akatangaza kwamba kesho anakuja na wanawe wote. Alikuja nao kweli.

Siku ya tisa lori la hoteli lilitoka Kakuyuni limejaa hadi juu, na sisi watatu juu ya makuti, tumeshika kamba, upepo umetujaa vinywani. Meneja aliyahesabu, akayanunua, akaandika. Hatukupoteza hata dakika ya kunawa.

Karani aliisoma barua ya meneja mara mbili. Akaandika kwamba tutalipa nusu hadi Agosti, na yaliyosalia yataongezwa mwishoni mwa mkopo. Mnada ulifutwa mbele ya macho yetu, kwa wino wa buluu.

"Mzee, mbona hukuja tangu barua ya kwanza?" akauliza. "Tungelimaliza siku ileile."

Baba alikuwa na vumbi la makuti kwenye nyusi. "Niliogopa kuifungua," alisema.

Agosti alirudi kazini, kofia yake nyeupe imepigwa pasi mara mbili. Wiki ileile ikaja barua nyingine ya kampuni. Aliichana palepale njiani kwa kisu cha jikoni, akaniita kwa sauti iliyowatoa majirani barazani.

"Njoo usome! Kwa nguvu, wasikie wote!"

Ilikuwa risiti tu.