Mstari wa Saa Kumi

Idara ya maji nzima ilimwita Bi Mabomba, naye hakununa. Ukimuuliza koki ya mtaa wa nyuma ya soko ilifukiwa wapi, aligeukia kompyuta kuukuu iliyokuwa chini ya meza yake, akaandika grep, amri ya kutafuta maneno, na jina la mtaa, na kabla hujakaa vizuri jibu limekuja: hatua saba kutoka ukuta wa shule, kina cha mkono mmoja. Programu za mbwembwe zilikuja tatu, zikapita, kila moja ikaondoka na mafaili yake. Daftari la mabomba lilibaki maandishi matupu, na grep ikabaki grep. Ya kale dhahabu, bwana. Anayebisha akachimbe mwenyewe!

Kompyuta ile aliiunda mumewe, fundi mitambo wa idara, kwa mfumo huria usio na mwenyewe. Ndiye aliyemfundisha mkewe amri sita. "Hizi zitakutosha mpaka uzeeni," alimwambia. Huu mwaka wa sita tangu azikwe, na bado zinatosha.

Lakini kuna jambo Bi Mabomba hakumwambia mtu. Kila siku ya kazi, saa kumi kamili, mstari mmoja ulijitokeza kwenye skrini: "Mke wangu, saa kumi. Beba mkoba, twende." Mume aliuweka alipokuwa hai, maana mkewe akizama kazini hakumbuki hata kula. Mtu akafa, mstari haukufa. Bi Mabomba huusoma, hutabasamu, kisha hujibu kwa sauti ndogo, "Twende wapi? Njoo basi unichukue." Halafu hukaa. Hukaa mpaka mlinzi aje kutikisa funguo mlangoni, kwa kuwa nyumbani kuna vikombe viwili na mnywaji mmoja.

Basi Jumatatu moja akaja mhandisi mpya, msichana mwenye miwani, na agizo la mkurugenzi: kompyuta kuukuu zote zizimwe Ijumaa. Wiki nzima Bi Mabomba alimwitikia salamu puani. Ijumaa mchana akamkuta msichana amepiga magoti chini ya meza, akamshika mkono.

"Mwanangu, usiizime. Nakuomba."

"Mama, daftari la mabomba nimeshalihamisha. Na grep iko kwenye mpya, ileile."

"Si mabomba." Ikabidi aseme. Akasema yote, na machozi hakuyaficha.

Msichana akakaa sakafuni. "Kumbe ndiyo maana ulikuwa unaninunia! Mama, huo ni mstari wa cron, mtunza ratiba. Ana umri mkubwa kuliko mimi, na kwenye mpya yupo vilevile. Nauhamisha kama ulivyo." Akafungua faili, kisha akaisogelea skrini. "Juu yake kuna maneno. Yana alama ya reli mbele, kompyuta huyaruka; huandikiwa fundi atakayekuja baadaye. Umewahi kuyaona?"

"Mimi nilifundishwa amri sita tu. Hiyo haikuwamo."

Msichana akamgeuzia skrini.

"Fundi mwenzangu, mstari huu usiufute bila kumuuliza mke wangu. Ni hasa wa siku ambazo niko kazi za nje, siwezi kumpitia. Hajui kuinuka mwenyewe. Nisipotokea asinisubiri, aende."

Bi Mabomba aliyasoma mara mbili. Miaka sita mtu anasubiri, kumbe alishakatazwa! "Mjeuri huyu," akasema, "mpaka leo ananipangia." Akacheka, akalia, akapenga kamasi, akacheka tena.

Saa kumi kamili mstari ukatokea kwenye kompyuta mpya, haujapungua hata herufi. Mhandisi akajifanya anatazama dirishani. Safari hii Bi Mabomba hakumuuliza mtu twende wapi. Alibeba mkoba wake, akashuka ngazi.

Langoni mlinzi akatazama saa yake, akaitikisa, akadhani betri imekwisha. "Mama, kwema? Mbona mapema hivi?"

"Kwema," akajibu. "Nimeambiwa niende."