Joka Lililopandisha Mahari

Mnicheke mkishamaliza kusoma. Jumapili nilimngoja nyumbani kwangu Mbinga baba wa mchumba wangu, mzee wa kijiji cha Mbuji. Alitaka mbuzi wanane wa mahari. Nilikuwa nimemwomba wawe sita. Ili nitulize roho, nikaendesha mchezo wetu wa hadithi na dadu, ambao kila mtu huigiza mhusika wake. Mwalimu jirani yangu aliigiza mganga kikongwe anayefika kwenye pango la joka linalodai mbuzi. Mimi ndimi joka, nimejificha nyuma ya boksi kubwa.

“Hodi!” ikaita sauti nzito. Nikadhani mwalimu ameanza.

“Piga magoti, kikongwe!” nikanguruma. “Mbuzi kumi, na sipunguzi!”

Nikajisifu kwamba nimemtisha, kisha nikachungulia. Mwalimu alikuwa ameziba mdomo, akitazama mlangoni.

Mkwe alivua kofia.

“Shikamoo, Joka,” alisema. “Mimi niliomba wanane tu, lakini hao kumi nawapokea.”