Mistari Ambayo Hakuna Ambaye Angeiona

Mtaani walimwita Fundi Mistari, naye hakukasirika. Kazi yake, wenzangu, ilikuwa kwenye maabara ya utafiti wa macho. Programu ya kompyuta huchora mistari ya kijivu kwenye skrini, huififisha kidogo kidogo, na mtu aliyeketi gizani hubonyeza kitufe kila anapoiona. Skrini inapaswa kutoa mwanga uleule ambao programu imeagiza, usizidi wala usipungue. Ndiyo maana kila asubuhi ilikuwa kazi ya Fundi kuipima skrini kwa kifaa maalumu cha kupima mwanga.

Ilipoletwa skrini mpya, Fundi hakuipima siku ya kwanza wala zilizofuata. Mpya ina kasoro gani?

Siku ya kwanza aliyejitolea kukaa gizani alikuwa mama mkwe wake, mama wa mumewe, mshonaji wa nguo. Alibonyeza kitufe kwa nadra mno. Maabara ile haikuwa ya kutibu mtu, na majibu yake hayakuwa ya kutangazwa, lakini jioni, mbele ya mawifi, ulimi ulimponyoka Fundi: "Mama, macho yamechoka hayo. Cherehani iache sasa."

Kesho yake mama mkwe akawahamishia wateja wake kwa mshonaji jirani, hata gauni la bibi harusi alilokwisha kulikata.

Wiki iliyofuata mtafiti mkuu mwenyewe alikaa pale, akatoka akilalamika: "Mbona sioni kitu, nimekuwa kipofu?" Ndipo Fundi akatoa kifaa. Kumbe skrini ile, chumba kikitiwa giza, ilijipunguzia mwanga yenyewe. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alimkuta mama mkwe akimpa mjukuu sindano amtungie uzi.

"Mama, macho yako mazima. Skrini ndiyo..." Akajikatiza. "Si skrini, mama. Ni mimi. Sikuipima."

"Nilikuwa naona," mama mkwe akasema polepole. "Tundu la sindano nililiona. Nikasema labda najidanganya, uzee huo."

Machozi yakaanza kumtoka Fundi.

"Usinililie hapa. Vaa viatu. Mdomo ulionitangaza ndio ukanisafishe."

Kwa jirani, cherehani zilikuwa zikiunguruma na wateja wamejaa. Fundi akajieleza, sauti ikatoka kama ya mbu.

"Kwa nguvu, mwanangu," mama mkwe akasema, akivuta kiti akae. "Wale wa nyuma hawajasikia."