Kosa la Eliezer kwenye Shimo la Nane

Kwa Wanyarwanda kila mtu hupewa jina lake mwenyewe, si la baba, kwa hiyo watu wa Gisenyi waliotaka kuutaja ukoo wa mzee Ntawukuriryayo kwa mkupuo mmoja iliwabidi watafute neno. Wakawaita Watu wa Fimbo. Si kwamba walimpiga mtu, hasha! Fimbo zenyewe zilikuwa za golfu, tena kwa muda mrefu hazikuwa zao.

Mzee aliianza kazi enzi za Wajerumani, pale ofisa mmoja alipokuwa akipiga vipira vyeupe ufukweni na kumtuma avirudishe. Hadi anakufa alikuwa akisimulia kwamba siku ya kwanza alidhani mzungu yule anatupa mayai, akasikitika sana kwa ajili ya kuku. Wabelgiji walipokuja na kutengeneza uwanja wa mashimo tisa kando ya ziwa Kivu, mzee alikuwa mbeba mfuko wa fimbo za wachezaji, tena wa kutegemewa, na mwanawe Nzabonimpa akaurithi mkanda begani. Kisha akaja Eliezer, mwana wa Nzabonimpa, na hapo ndipo mambo yalipobadilika.

Eliezer alibeba mifuko kama baba na babu, lakini macho yake yalikuwa yakipiga mpira muda wote. Alijichongea fimbo kwa mzizi wa mpera, akanunua kwa wavuvi wa Nyamyumba mipira waliyoizoa na nyavu zao. Alfajiri, wazungu wakiwa bado wamelala, alikuwa uwanjani na umande hadi magotini. Jua likichomoza alitoka, maana mchana uwanja ulikuwa na wenyewe. Alipofika miaka ishirini na miwili, wabeba mifuko wa Goma walikuwa wanavuka mpaka wa Kongo kuja kumtazama, na yeye, niseme ukweli, alipenda kutazamwa.

Mwaka wa 1956 mwalimu wa klabu, Mbelgiji mwenye mgongo mbovu, alirudi kwao. Wanachama wakabaki wanapiga mpira kama watu wanaofukuza nyuki. Wengine walisema kazi apewe Eliezer, kwani ndiye aliyekuwa akiwarekebisha kwa siri kila siku. Wengine waliguna. Mwisho wakakubaliana acheze na Bwana Verhulst, mkulima wa kahawa, bora wao. Hesabu ingekuwa ya mashimo: mwenye mapigo machache analichukua shimo, na mwenye mashimo mengi anashinda. Akishinda Eliezer, atakuwa mwalimu, mchezaji wa kulipwa kwa mwezi, na atacheza mchana kweupe kama watu. Akishindwa, mfuko wake unamngoja. Kijana hakulala vizuri wiki nzima.

Sasa, kuna jambo moja la uwanja ule ambalo lazima ulijue. Majani mafupi yalikataa kushika kwenye ardhi ile ya volkano, basi kila shimo lilizungukwa na duara la mchanga mweusi uliochanganywa na mafuta machafu ya magari, ili upepo wa ziwa usiupeperushe. Mpira ukitua pale ulitoka mweusi. Mbeba mfuko aliuinua, akaupangusa pajani, akaurudisha palepale. Suruali zote za nyumba ile zilikuwa na doa upande wa kulia, na Mukabalisa, mama yake Eliezer, alikuwa amekwisha kusalimu amri. Ila kwa siku ile alimshoneshea kwa Faradji, fundi cherehani, suruali mpya ya kaki, akamwambia, "Hii usipanguse kitu, mutoto yangu. Leo uko mutu mukubwa."

Walicheza Jumamosi, mashimo tisa mara mbili. Nzabonimpa alimbebea mwanawe mfuko, kifua mbele. Katibu wa klabu, Bwana Pirard, alitembea nao na kadi ya kuandikia. Verhulst hakuwa mchezaji wa kubezwa. Alipiga mbali na alikuwa hana haraka. Lakini Eliezer alikuwa anaujua uwanja ule kama anavyoujua ua wa kwao. Duru ya pili walipolifikia shimo la nane, alikuwa mbele kwa shimo moja, na yalibaki mawili tu.

Wote wawili walifika kwenye mchanga kwa mapigo matatu. Eliezer alifika kwanza. Aliinama, akauinua mpira wa Verhulst, akaupangusa, akaurudisha mahali pake.

"Merci," alishukuru Verhulst bila kumtazama, akapiga. Kila mmoja alimaliza kwa mapigo mawili. Tano kwa tano, sare, na Eliezer bado mbele.

Hapo ndipo alipoiona suruali. Doa jeusi, bichi, pajani upande wa kulia. Sheria ya mchezo aliijua kwa ghibu: mchezaji hagusi mpira wa mwenzake bila ruhusa, na akiugusa anaongezewa pigo moja. Mazoea yana taabu! Mkono ulitenda wenyewe, mkono wa babu na baba, na katika watu wote waliosimama pale hakuna aliyeshtuka. Walikuwa wamezoea kumwona mtu mweusi akiinama kuokota mpira. Lingekuwa ajabu asingeokota.

Baba yake alikuwa ameona. Alimsogelea akajifanya anapanga fimbo.

"Nyamaza," alinong'ona. "Hakuna mutu ameona."

"Papa, na we uliona."

"Mi si mutu wa kuhesabu hapa. Songa mbele, mwanangu. Iko shimo moja tu."

Eliezer alisonga hatua tatu. Aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote duniani, na ilikuwa mkononi. Lakini ile "merci" ilimkereketa kooni kama mwiba wa samaki. Alihisi hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya Verhulst hata kidogo, alijikasirikia mwenyewe. Ukinyamaza, alijiambia, utakuwa umeshinda, ila aliyeshinda atakuwa mtumishi wa Bwana Verhulst. Akageuka.

"Bwana Pirard, niongezee pigo moja. Niligusa mupira ya Bwana Verhulst."

Katibu alicheka. "Mais non, hapana, Eliezer! Kila siku munainua mipira."

"Kila siku mi nabeba mufuko. Leo mi nacheza."

Verhulst alimtazama kijana, kisha suruali yake, kisha akautazama mpira wake mwenyewe, msafi, na uso ukamwiva. "Ana haki," alisema taratibu. "Andika." Pirard akaandika. Shimo la nane likaenda kwa Verhulst, wakawa sawa kwa sawa, na Nzabonimpa akafumba macho kama mtu anayeng'olewa jino.

Shimo la mwisho lilipita ukingoni mwa ziwa. Verhulst, labda kwa kuwa bado alikuwa anafikiria mambo mengine, aliupiga mpira wake wa kwanza ukaenda kulia, ukaendelea kulia, ukaingia Kivu. Ziwa halichagui bwana. Nzabonimpa alichomoa fimbo fupi na kumkabidhi mwanawe. Eliezer alikuwa anaitaka ndefu, lakini alimtii baba. Akaenda mwendo wa kuku, kidogo kidogo, akamaliza kwa tano. Verhulst alimaliza kwa sita, akavua kofia na kumpa mkono mbele ya watu wote.

Jioni ile nyumbani kwao, mtaani Nengo, palijaa jirani na pombe ya mtama. Mukabalisa alilitazama doa, akafungua kinywa kugomba, kisha akacheka hadi akakaa chini. Mwalimu mpya wa klabu alikula viazi vitamu na maharage kama mtu aliyerudi safarini, akajibu maswali yaleyale mara kumi na hakuchoka.

Baba yake hakujua kusoma. Jirani walipopungua alimwomba ile kadi, ambayo katibu alimwachia kijana kama kumbukumbu, akaigeuza geuza karibu na taa.

"Wapi wameandika lile kosa?"

Eliezer alimwonyesha kwa kidole. Nzabonimpa alipapasa ile alama ndogo ya wino, polepole, akarudia tena, na machozi yakamtoka.

"Miaka makumi tatu niliinua mipira yao," alisema. "Hakuna siku hata moja waliniandikia kosa."